Kujikinga na Baridi Mlimani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vifaa vya Hifadhi ya Dharura Vinavyoenea Katika Begi Dogo

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, Lemosho au Umbwe hatembei na hema lake. Hema, mfuko wa kulalia, godoro na sehemu kubwa ya nguo za joto hubebwa na wagumu, yaani wapagazi, ambao humpita njiani ili wafike mapema na kusimamisha kambi kabla yake. Kuanzia asubuhi hadi alasiri, kwa hiyo, mpandaji ana begi dogo la mgongoni tu, lenye maji, kamera na koti la mvua. Na usiku wa kuelekea kileleni, anapoondoka kambi ya Barafu au ya Kibo kukaribia saa sita usiku, karibu kila kitu kingine hubaki kambini. Ni katika saa hizo ambapo ukungu hufunga njia, kifundo cha mguu huteguka, mmoja wa kundi huishiwa nguvu, au mvua ya barafu huwanyeshea watu ambao tayari wamelowa jasho. Mlima Kenya, Meru na Rwenzori hali ni ile ile kwa kila anayesafiri na wapagazi, na ni mbaya zaidi kwa vijana wanaokwenda kupanda milima mwishoni mwa juma wakiwa na chupa ya maji na sweta moja.

Mwongozo huu unahusu vifaa vichache ambavyo mtu anaweza kuvibeba mwenyewe ndani ya begi la lita 25 au 30, bila kuzidi kilo moja na nusu kwa jumla, na ambavyo vitamweka hai hadi msaada ufike au hadi kuche. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya msimamo mmoja: kifaa cha dharura ambacho hakiko begani mwako ni sawa na kisichokuwapo, na miongoni mwa vile vilivyopo, kinachokutenga na ardhi na kinachokuepusha na maji hutangulia kile kinachong'aa, yaani blanketi la fedha.

Hatua ya kwanza: Pima usiku unaoweza kukukuta nje

Kabla ya kwenda dukani, kaa na ramani. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa mita 800 hivi. Mchana ambao Moshi ina nyuzijoto 28, utarajie kama nyuzi 3 tu kwenye kambi iliyo mita 4,700, tena kabla jua halijatua. Alfajiri karibu na kilele cha Uhuru, mita 5,895, nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri si jambo la ajabu. Ongeza upepo: hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikivuma kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba hewa iko nyuzi 21 chini ya sifuri.

Hata hivyo, baridi kavu ya kileleni siyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu watu huiendea wakiwa wamevaa kila walicho nacho. Hatari ninayoiogopa zaidi ni ile ya kati ya mita 2,800 na 4,000, baada ya kutoka msituni, ambako mvua hunyesha hewa ikiwa na nyuzi 2 au 5 juu ya sifuri na mpandaji bado amevaa fulana ya pamba aliyoanzia langoni. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa tulivu yenye nyuzijoto zile zile. Mtu aliyelowa, akasimama, akapigwa na upepo, anaweza kuingia hatarini mahali ambapo kipimajoto hakijafika hata sifuri. Anayepanda wakati wa masika, Machi hadi Mei, au wakati wa vuli, Novemba na Desemba, aipe mvua kipaumbele katika kila uamuzi. Anayekwenda Rwenzori afanye hivyo mwaka mzima.

Swali la pili la kwenye ramani ni kama kuna miti. Juu ya mita 4,000 karibu hakuna mahali pa kufunga kamba isipokuwa mawe; hifadhi yoyote inayohitaji miti miwili ni mzigo wa bure huko.

Hatua ya pili: Fahamu joto linakopotelea

Mwili wenye afya hujiendesha ndani yake kwa nyuzijoto 37 hivi. Ukishuka chini ya 35, madaktari huita hali hiyo haipothemia. Mwanzoni mtu hutetemeka sana, mikono huwa mizito, hawezi kufunga zipu, hunung'unika au hunyamaza kupita kawaida yake, na hujikwaa. Joto likishuka karibu na nyuzi 32 na chini ya hapo, fikra huvurugika na kutetemeka hupungua kisha hukoma, jambo ambalo wenzake wasiojua hulidhania kuwa nafuu. Chini ya 28 moyo wenyewe uko hatarini.

Joto hutoka kwa njia kadhaa. Hupita kwenye kile unachokigusa, hasa ardhi na jiwe ulilokalia. Huchukuliwa na upepo unaopeperusha ile hewa ya vuguvugu iliyoganda karibu na ngozi. Huondoka na maji yanayokauka mwilini, yawe ya mvua au ya jasho. Hunururika kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye anga baridi, na kiasi kingine hutoka na pumzi. Kila kifaa cha dharura huziba baadhi ya njia hizo na kuziacha nyingine wazi, wala hakuna kinachoziba zote. Ukiwa dukani, shika kifaa mkononi na ujiulize kinaziba ipi. Muuzaji akisema tu kwamba kinarudisha asilimia 90 ya joto la mwili, ujue anazungumzia mnururisho peke yake, na mtu aliyekaa juu ya jiwe lililolowa hapozwi hasa na mnururisho.

Hatua ya tatu: Anza na kitu cha kukalia

Hiki ndicho kifaa ambacho karibu kila orodha hukisahau, nami ningekinunua kabla ya vingine vyote. Tafuta mkeka wa povu gumu, lile ambalo vijishimo vyake vimejifunga na haliingizi maji. Lijaribu kwa kulitumbukiza kipande katika ndoo na kulikamua: likitoa maji, hilo ni sponji la godoro au la makochi, na mlimani litageuka kitambaa chenye maji ya barafu chini ya makalio yako. Unene wa sentimita moja unatosha. Kata kipande cha upana wa sentimita 40 na urefu wa mita moja, ukikunje mara mbili, ukiweke ndani ya begi upande unaogusa mgongo; kitakuwa na uzito wa gramu 100 hadi 150, hakitakula nafasi, na kitafanya begi lisikuchome mgongoni. Wakati wa shida, ukikalie kikiwa kimekunjwa, magoti yakiwa yamevutwa kifuani na miguu ikiwa juu ya begi lililomwagwa vitu vyake. Mgonjwa ambaye lazima alale aunganishiwe mikeka ya watu wawili au watatu, kuanzia mabegani hadi kwenye mapaja.

Mikeka ya kupuliziwa hewa ni mizuri kambini, ila sishauri itegemewe kwa dharura, kwa sababu jiwe moja lenye ncha linaimaliza na pumzi za kuipuliza, kwenye mwinuko wa mita 5,000, ni adimu.

Hatua ya nne: Chagua mfuko wa kujiingiza mwili mzima

Baada ya ardhi, upepo na mvua. Hapa soko lina aina nyingi.

Kwa begi la mtu mmoja, chaguo langu ni mfuko wa plastiki nzito wa rangi ya machungwa au ya njano, wenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 1.8 au zaidi, uliofungwa upande mmoja. Uzito wake ni gramu 200 hadi 350 kutegemea unene. Hauna ufundi wowote ndani yake, na ndiyo sababu nauamini: hauna zipu ya kuharibika, hauna nguzo ya kuvunjika, na mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi anaweza kuuingia. Kasoro yake ni mvuke. Plastiki haipumui, hivyo jasho na pumzi hugeuka matone ndani yake. Kwa usiku mmoja kasoro hiyo huvumilika, mradi mdomo na pua vibaki nje.

Aina ya pili ni mfuko wa karatasi ya plastiki iliyopakwa alumini, wenye uzito wa gramu 100 hivi na unaokunjika hadi kuingia mfukoni mwa koti. Huu hukinga upepo, mvua na mnururisho pamoja, na kwa wanaohesabu kila gramu ni mzuri. Nunua ule wa kitambaa cha plastiki laini kinachovutika kidogo, usiopiga kelele za kuchanika ukiukunja kiganjani. Ule mwembamba kabisa, wenye mishono iliyogandishwa kwa moto, hufunguka kwenye mishono mtu anapoingiza buti.

Aina ya tatu ni mfuko wa kitambaa kinachopitisha mvuke, gramu 240 na kuendelea, wenye kamba ya kukazia usoni. Ni bora kuliko yote kwa kulala, na ni ghali kuliko yote. Kiongozi wa watalii anayeishi mlimani miezi mingi ya mwaka ana sababu nzuri ya kuununua; mtu anayepanda mara moja hana.

Vitabu vya nje hupendekeza mifuko mikubwa myeusi ya taka kuwa mbadala wa bei rahisi. Ushauri huo haufai sana kwetu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imekataza plastiki za kutumiwa mara moja katika maeneo yake ya hifadhi. Naziunga mkono sheria hizo kwa moyo wote, kwa kuwa nimeona plastiki zikining'inia kwenye vichaka vya mlimani. Nunua basi mfuko uliotengenezwa mahususi kwa uokozi, ambao utatumika kwa miaka na kurudi nawe nyumbani kila safari. Asiyeupata anaweza kwenda kwa wauzaji wa vifaa vya kilimo na kununua plastiki ya banda la kilimo kwa mita, akaikunja na kuiunganisha pembeni kwa utepe mpana wa gundi. Ajue tu kwamba plastiki hiyo, yenye unene wa maikroni 200, itampa mfuko wa gramu 650 hivi. Ni mzito maradufu, lakini hauchaniki.

Unaponunua, ingia ndani ukiwa umevaa buti, koti na kila kitu. Ukishindwa kufikisha ukingo wa mfuko shingoni, chukua mkubwa zaidi. Kisha jifunze namna mbili za kuutumia. Ya kwanza ni kuingiza miguu kwanza na kuukaza mfuko shingoni. Ya pili, ambayo ni bora wakati wa mvua ukiwa umekaa, ni kuupindua: sehemu iliyofungwa iwe juu, kichwa kiingie kwenye kona moja, na mbele ya uso utoboe tundu la ukubwa wa uso tu, ili maji yateremke nje na mvuke wa mwili utokee chini. Toboa tundu hilo nyumbani, kwa mkasi, chini kidogo ya kona, kisha uimarishe kingo zake kwa utepe. Kisu mkononi mwa mtu anayetetemeka gizani ni jeraha jipya.

Hatua ya tano: Blanketi la fedha, na kazi yake halisi

Karatasi hizi zilitokana na utafiti wa NASA katika miaka ya 1960, na leo zinauzwa kila mahali zikiwa zimekunjwa kwa ukubwa wa pakiti ya karata. Ni plastiki yenye unene wa maikroni 12 hivi iliyopakwa alumini, gramu 50 au 60 kwa karatasi ya sentimita 210 kwa 140. Huzuia mnururisho na upepo, na hazipitishi maji. Haziwezi kukutenga na ardhi hata kidogo, wala hazina unene wa kushika hewa. Katika upepo wa mgongo wa mlima karatasi hupiga makofi na kumponyoka mtu mikononi, na ikishachanika sentimita moja pembeni, mchaniko hukimbia hadi upande wa pili.

Nabeba moja, lakini siichukulii kuwa hifadhi. Mahali pake ni ndani: juu ya sweta na chini ya koti la mvua, au ikiwa bitana ndani ya mfuko wa plastiki, mahali ambapo upepo haufiki na pana nafasi kidogo ya hewa kati yake na nguo. Bandika utepe wa gundi kwenye kingo zake zote kabla ya safari, na uibadilishe kila baada ya miaka michache, kwani mikunjo huchubuka na karatasi huanza kugandamana.

Hatua ya sita: Hifadhi ya kundi

Anayeongoza watu, awe mwongozaji mwenye leseni, mwalimu wa skauti au kiongozi wa klabu ya wapanda milima, ana wajibu wa kubeba kitu kimoja zaidi. Ni hifadhi ya kitambaa chepesi isiyo na nguzo wala sakafu, ambayo watu hujifunika vichwani kama boksi lililopinduliwa, wakaketi juu ya pindo zake huku migongo yao ikiivuta ikae wima. Ya watu wanne ina uzito wa nusu kilo hivi. Inafunguliwa kwa muda mfupi mno hata katika upepo mkali, na joto la miili na pumzi hupandisha hewa ya ndani baada ya dakika chache. Ndani yake unaweza kumvua mtu nguo zilizolowa, kumfunga jeraha, kuwahesabu watu wako na kufikiri. Kati ya vifaa vyote ninavyovitaja hapa, hakuna kilicho na nguvu zaidi ya hiki, na inanisikitisha kwamba waongozaji wengi wa milima yetu hawajawahi kukiona. Kampuni inayotoza watalii maelfu ya dola haina udhuru wa kukikosa.

Chagua yenye matundu ya hewa pande mbili na dirisha dogo la plastiki, ya rangi inayoonekana mbali juu ya mawe ya kijivu. Nunua ya watu wawili zaidi ya idadi unayoiongoza mara nyingi, kwa sababu koti na mabegi hula nafasi.

Turubai jepesi la naironi lenye kamba ni zuri msituni, chini ya kituo cha Mandara kule Kilimanjaro au katika milima ya Usambara na Uluguru, penye vigogo vya kufungia. Juu ya hapo liache.

Hatua ya saba: Nguo kavu zisizoguswa

Mfuko na mkeka huhifadhi joto, lakini haviliumbi, na havitamsaidia sana mtu aliyebaki ndani ya nguo zilizolowa. Kwa hiyo sehemu ya hifadhi yako ni seti ndogo ya nguo ambayo haivaliwi kamwe isipokuwa siku ya shida: sweta au koti la joto, kofia ya kufunika masikio, glavu na soksi nene. Zifunge katika mfuko usiopitisha maji na ujizuie kuzivaa kwa starehe.

Bei isimkatishe mtu tamaa. Soko la Memorial mjini Moshi, na Gikomba na Toi jijini Nairobi, yana nguo za mlimani za mitumba ambazo zikiwa mpya zingemshinda mfanyakazi wa kawaida kuzinunua. Soma lebo. Sufu hushika joto hata ikiwa na unyevu. Flisi na nguo zilizojazwa polista hukauka haraka na huendelea kukinga. Manyoya ya bata ni mepesi na yenye joto kuliko yote yakiwa makavu, ila yakilowa hujikusanya mabonge na kuwa bure. Kwa akiba ya dharura, ambayo itafunguliwa penye mvua, ningechukua polista au sufu. Pamba na jinzi zikae nyumbani. Pale lebo ilipokatwa, chomoa uzi mmoja uuunguze: wa sufu hunuka kama nywele zinazoungua na huacha jivu linalovunjika, wa polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, wa pamba huungua kama karatasi. Angalia zipu, na uchukue kubwa zaidi ya saizi yako, kwa sababu itavaliwa juu ya nguo nyingine au itavalishwa mtu mwingine.

Hatua ya nane: Vyanzo vya joto

Mwili ndio jiko la kwanza, na kutetemeka hula sukari nyingi. Beba chakula cha gramu 200 kisichohitaji kupikwa: kashata, tende, karanga zenye sukari. Chokoleti hugeuka jiwe kwenye baridi kali, hivyo ivunje vipande mapema. Mwongozaji abebe pia chupa ya chai yenye chai tamu. Maji huchemka kwa nyuzijoto 85 hivi tu kwenye kambi ya Barafu, kwa hiyo chupa ikiwa mbovu chai itakuwa vuguvugu kabla ya alfajiri. Ijaribu usiku kucha nyumbani kwanza.

Vipakiti vya joto vya unga wa chuma huanza kufanya kazi vinapokutana na hewa, na kwa kawaida hudumu saa kadhaa. Kwa kuwa vinakula oksijeni, na kileleni oksijeni katika kila pumzi ni nusu hivi ya ile ya pwani, joto lake hupungua kadiri unavyopanda. Vifungue mapema, vitikise, uviweke ndani ya nguo. Kwa mtu aliyepoa sana, mahali pake ni kwapani na kifuani, juu ya kitambaa na si juu ya ngozi, kwani ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kusikia. Kipakiti kilichokuwa kigumu kama tofali kabla ya kufunguliwa kimekwisha.

Moto wa kuni usiuweke katika mpango. Kuwasha moto ovyo hakuruhusiwi ndani ya hifadhi ya taifa, vichaka vya Kilimanjaro vimeungua vibaya Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022, na juu ya mita 4,000 karibu hakuna kuni. Jiko dogo la gesi linaweza kubebwa na kundi, kwa sharti la kuchagua mtungi wenye mchanganyiko wa propani, kwa maana butani peke yake huacha kugeuka mvuke inapokaribia sifuri. Viberiti vya gesi vya kubonyeza mara nyingi hugoma mwinukoni. Vya gurudumu na jiwe ni afadhali, na kiberiti cha njiti kilichofungwa vizuri kisikosekane.

Kuhusu jiko ndani ya hema au hifadhi iliyofungwa, nasema bila kulegeza: usiliwashe. La makaa ni hatari kupita yote. Gesi yenye sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, nayo huwaua watu usingizini hata katika vyumba vya mjini vyenye madirisha. Chemshia maji nje, mimina katika chupa ngumu ya maji, ikaze kifuniko, ivike soksi na umpe mgonjwa aikumbatie.

Hatua ya tisa: Funga, pima, jaribu

Jumla ya mkeka, mfuko, karatasi ya fedha, nguo, chakula, vipakiti, kiberiti, filimbi na tochi ya kichwani ni kama gramu 1,400 hadi 1,500. Vitu hivi vipangwe kwa utaratibu wa kutumika: mkeka mgongoni, mfuko juu kabisa, nguo chini yake, vidogo katika mfuko mmoja mwekundu. Kisha chagua usiku wa mvua, keti uani au barazani kwa saa moja ukiwa na vifaa hivyo tu, umevaa glavu, tochi imezimwa. Utagundua pakiti isiyofunguka kwa glavu, na tundu la uso lililokaa pabaya. Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa hatapata baridi, ila ataijua mikunjo ya mfuko wake kwa vidole.

Hatua ya kumi: Siku yenyewe

Amua mapema. Mtu anayetetemeka lakini bado anazungumza vizuri anaweza kula, kuvaa na kutembea kushuka. Mara nyingi hilo ndilo jambo bora kuliko kukaa. Hifadhi ni kwa ajili ya asiyeweza kutembea, kwa waliopotea ndani ya ukungu au giza, na kwa kumpasha moto mtu kabla ya kushuka.

Nenda nyuma ya jiwe, upande usio na upepo, mbali na korongo la maji. Tandika mkeka kwanza. Vua nguo zilizolowa ndani ya hifadhi ikiwa ipo, vaa kavu, funika kichwa, ingia mfukoni, kisha kula. Asiyeweza kumeza vizuri asipewe kitu mdomoni. Usimsugue mikono na miguu, na usimpe pombe, ambayo hufungua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto lililobaki. Aliyeacha kutetemeka na ambaye amechanganyikiwa asisimamishwe wala kutembezwa. Alazwe, ashughulikiwe kwa upole mkubwa, na msaada uitwe kwa simu, kwa redio, au kwa filimbi mara sita kwa dakika.

Jambo moja ni la milima mirefu pekee na lisikosewe. Kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka na kuchanganyikiwa huweza kuwa baridi, na huweza kuwa uvimbe wa ubongo unaoletwa na mwinuko. Dalili zinafanana. Uvimbe huo hauponi kwa blanketi, hutibiwa kwanza kwa kushuka, usiku huo huo, kwa machela ikibidi. Mfunike apate joto ili ashuke akiwa amefunikwa, usimfunike ili mngoje asubuhi mkiwa juu.

Wagumu

Wagumu hubeba hadi kilo 20 za mzigo wa kampuni, hutoka jasho jingi kuliko wageni, na mara nyingi koti zao ni chakavu kuliko za yeyote mlimani. Mgumu aliyekaa kumsubiri mwenzake katika mvua kwenye mita 3,800 anahitaji hasa vile nilivyovieleza hapo juu, na mfuko wa plastiki nzito, kipande cha mkeka na sweta la sufu la mitumba havifiki gramu 1,000. Kilimanjaro Porters Assistance Project, iliyoko Moshi, huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Mwongozaji awaelekeze vijana wake huko siku moja kabla ya safari. Na langoni, wakati mizigo inapopimwa, afungue begi la kila mgumu auone mfuko huo kwa macho, na asiyekuwa nao asipande hadi apatiwe.